Daktari Robert Koch na Wagonjwa wa Ziwa Viktoria

Mtu aliyekohoa majuma mawili au matatu akienda zahanati, mahali popote katika nchi yetu, hupewa kikopo ateme makohozi, nayo hupimwa ili ijulikane kama yana kijidudu cha kifua kikuu. Aliyeuonyesha ulimwengu kijidudu hicho kwa mara ya kwanza alikuwa daktari wa Kidachi, yaani Mjerumani, jina lake Robert Koch, mwaka 1882. Kwa sababu hiyo jina lake hufundishwa popote watu wanapojifunza udaktari. Lakini ni wachache wajuao kwamba mtu huyo huyo alishuka katika bandari ya Mwanza mwaka 1906, akakaa kando ya Ziwa Viktoria zaidi ya mwaka mzima, akawadunga sindano wagonjwa wa malale zaidi ya elfu moja, na kwamba baadhi yao walitoka mikononi mwake wakiwa vipofu.

Twaona ni haki kuyasimulia maisha yake yote pamoja, sifa na kasoro. Tukimsifu tu, tutawasahau wale vipofu. Tukimlaumu tu, tutawasahau watu wasiohesabika waliopona kwa elimu aliyoifungua. Na jambo lililowapata watu wa Ziwa lina funzo kwa kila nyumba ambayo siku moja itaombwa kumtoa baba, mama au mtoto ajaribiwe dawa mpya.

DAKTARI WA WILAYA

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika Clausthal, mji wa wachimba madini huko Ujerumani. Alikuwa mtoto wa tatu katika nyumba ya watoto kumi na watatu, na baba yake alikuwa afisa wa migodi. Alisoma udaktari katika chuo kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866. Wadachi walipopigana na Wafaransa mwaka 1870, alikwenda kuwahudumia majeruhi. Mwaka 1872 aliwekwa kuwa daktari wa wilaya katika Wollstein, mji mdogo ambao leo umo katika nchi ya Poland.

Huko hakuwa na maabara wala mwalimu wa kumwongoza. Alikuwa na hadubini moja, na pembe ya chumba cha kupokelea wagonjwa aliyoitenga kwa pazia. Katika wilaya ile ng'ombe na kondoo walikuwa wakifa kwa kimeta. Wataalamu walikwisha kuona vijiti vidogo katika damu ya wanyama waliokufa, lakini hawakukubaliana kama vijiti hivyo ndivyo vilivyoua, au kama vilitokea tu baada ya kifo. Koch alichukua damu kidogo ya mnyama mgonjwa akawatia panya, nao wakafa. Kisha akavikuza vijiti vile katika majimaji ya jicho la ng'ombe, akakaa kwenye hadubini usiku na mchana akivitazama. Akaona kwamba vikikosa chakula hujigeuza kuwa mbegu ngumu zinazoweza kulala udongoni miaka mingi, na mnyama akila majani ya mahali pale, mbegu huamka tena. Ndipo ikajulikana kwa nini malisho fulani yaliua mifugo mwaka baada ya mwaka, jambo ambalo wafugaji walikuwa wakiliona tangu zamani bila kujua sababu yake.

Mwaka 1876 aliipeleka kazi hiyo kwa wataalamu wa Breslau, nao wakastaajabu kwamba daktari wa wilaya asiyejulikana amethibitisha jambo ambalo wakubwa walikuwa wakilibishania. Tangu hapo alishika kanuni ambayo baadaye ilipewa jina lake. Mtu asidai kwamba kijidudu fulani chaleta ugonjwa mpaka amekiona katika wagonjwa wa ugonjwa huo, amekitenga na kukikuza peke yake, na kuona kwamba kikitiwa katika mnyama mzima huleta ugonjwa ule ule. Ni kanuni ya mtu mwenye subira, asiyekubali kudanganywa hata na matumaini yake mwenyewe. Msomaji aikumbuke kanuni hiyo, maana mbele tutaona mahali ambapo subira ile ilimponyoka.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin katika idara ya afya ya dola. Jioni ya tarehe 24 Machi 1882 alisimama mbele ya madaktari wenzake akawaonyesha kijidudu cha kifua kikuu. Wakati ule ugonjwa huo ulihesabiwa kuwa huua mtu mmoja kati ya kila watu saba waliokufa, na wengi waliamini kwamba ni wa kurithi. Mwaka uliofuata alitumwa Misri, kisha Calcutta huko Bara Hindi, na mwaka 1884 akaleta habari ya kijidudu cha kipindupindu na jinsi kinavyokaa katika maji ya kunywa. Kabla hajatimiza miaka 41 alikuwa mmoja wa watu mashuhuri kabisa duniani.

DAWA ILIYOTANGAZWA MAPEMA

Umaarufu una mzigo wake. Watu waliokwisha kuonyeshwa adui wa kifua kikuu walitaka sasa wapewe silaha ya kumwua, na serikali ya Kidachi nayo ilitaka heshima hiyo iwe yake. Mwaka 1890 Koch alitangaza kwamba amepata dawa, iliyoitwa baadaye tuberkulini, wala kwanza hakueleza imetengenezwa kwa kitu gani. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka nchi nyingi, wengine wakiwa mahututi. Baada ya miezi michache ukweli ulijulikana. Dawa haikuponya, na katika wagonjwa wengine iliuchochea ugonjwa. Daktari Rudolf Virchow, mtaalamu mkubwa wa kupasua maiti, alionyesha mambo aliyoyakuta katika miili ya waliokufa baada ya kudungwa. Magazeti yakaandika, madaktari wakahoji, na Koch akapata fedheha kubwa.

Tuberkulini haikutupwa. Mpaka leo hutumika kupimia kama mtu amepata kuambukizwa kifua kikuu. Lakini kuwa kipimo si kuwa dawa, na yule aliyekuwa mgumu kuamini alipotafuta kijidudu alikuwa mwepesi mno wa kuamini alipotafuta tiba.

Mwaka huo huo wa 1890 wanafunzi wake wawili, Emil von Behring na Mjapani Kitasato, walifanya kazi iliyodumu. Waligundua kwamba mnyama aliyezoeshwa kidogo kidogo sumu ya pepopunda au ya dondakoo hutengeneza ndani ya damu yake kitu cha kuivunja sumu ile, na kwamba maji ya damu hiyo yakitiwa katika mnyama mwingine humkinga. Miaka michache baadaye Mfaransa Albert Calmette alifuata njia hiyo hiyo kwa sumu ya nyoka, akazoesha wanyama sumu ya swila, na mwaka 1895 seramu ya kutibu walioumwa na nyoka ilikuwa tayari. Mkulima wa Usukuma aumwaye na swila shambani, akiwahi hospitali na kupata seramu, huokolewa na elimu iliyoanzia katika vyumba vya kazi vya Koch.

ALIPOIJUA AFRIKA

Tangu mwaka 1896 Koch alikuwa msafiri. Kwanza aliitwa Afrika Kusini kwa ajili ya sotoka, ugonjwa uliokuwa ukimaliza ng'ombe wa bara zima. Mwaka 1897 alikwenda Bara Hindi kuchunguza tauni, kisha akafika Dar es Salaam, iliyokuwa chini ya Wadachi, akafanya kazi juu ya malaria na magonjwa ya mifugo. Akiwa hapo zilimfikia habari za ugonjwa wa kuua huko Kiziba, kaskazini mwa Bukoba. Daktari Zupitza alikwenda kuutazama, akarudisha vipande vilivyochunguzwa Dar es Salaam, na ikathibitika kwamba ni tauni. Wenyeji walikuwa na jina lake, rubwunga, na walikwisha kujua kwamba panya hufa kwanza, ndipo wanadamu wafuate. Kwa hiyo walipoona panya wamekufa ndani, walihama nyumba. Wazee wa Kiziba walijua kwa macho yao jambo ambalo wataalamu wa miji mikubwa walikuwa bado wakibishana juu yake.

Mwaka 1905 alirudi tena. Wasafiri wa njia za misafara walikuwa wakipatwa na homa kali inayokwisha baada ya siku chache, kisha ikarudi, ikaisha, ikarudi tena. Koch aliwatafuta papasi, wale kupe wakaao katika udongo wa sakafu na nyufa za kuta za nyumba. Ndani yao alikuta vijidudu vya homa hiyo, vyenye umbo la uzi uliojisokota, na akavikuta hata katika mayai yao. Ndipo ikajulikana kwamba papasi humrithisha mtoto wake ugonjwa, na nyumba yaweza kuwa na hatari muda mrefu baada ya mgonjwa kuondoka. Katika Kongo, Dutton na Todd walikuwa wamefikia ugunduzi wa namna hiyo hiyo, na Dutton alikufa kwa homa ile mwezi wa Februari mwaka ule. Desemba 1905 Koch alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Yafaa tukumbuke hali ya nchi wakati huo. Mwaka 1905 ndio ulioanza vita vya Maji Maji kusini, vilivyoendelea hata mwaka 1907. Daktari aliyekuja na hadubini alikuja chini ya bendera ile ile iliyokuja na bunduki. Wagonjwa hawakuwa na njia ya kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

MWANZA NA VISIWA VYA SESE

Pigo kubwa la siku zile kando ya Ziwa lilikuwa malale. Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya Mengo huko Uganda waliona wagonjwa wa kwanza. Mtu huanza kwa homa na matezi ya shingo yaliyovimba. Baada ya miezi, pengine mwaka na zaidi, akili huvurugika, miguu hulegea, usingizi humshika mchana, hali yake huzidi kuwa dhaifu, hatimaye hufa. Mwaka 1903 Castellani na Bruce walithibitisha kwamba ugonjwa huo huletwa na kijidudu cha damu kiitwacho tripanosoma, na kwamba mchukuzi wake ni mbung'o wa vichakani kando ya maji. Ilipofika 1906 watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekufa katika Uganda. Misioni za Mapadre Weupe, kama za Waprotestanti, ziliwapokea wagonjwa, zikawalisha na kuwazika, maana dawa haikuwapo.

Serikali ya Kidachi iliogopa pigo lisivuke kuingia upande wake. Basi Aprili 1906 Koch, mwenye umri wa miaka 62, alianza safari pamoja na madaktari wengine, miongoni mwao Kleine, Kudicke na Beck. Walisimama kwanza Amani, katika milima ya Usambara, kisha wakapita kwa reli ya Uganda hata Ziwani, wakavuka kwa meli mpaka Mwanza katikati ya mwaka.

Mwanza hawakuwakuta wagonjwa wengi. Wengi wa waliopatikana walikuwa watu waliorudi kutoka upande wa Waingereza. Mbung'o walikuwapo katika sehemu za pwani ya Ziwa, lakini pigo lenyewe lilikuwa ng'ambo. Kwa hiyo Koch aliomba ruhusa ya Waingereza, na mwezi wa Agosti akahamia Bugala katika visiwa vya Sese, mahali palipoteketea kuliko pengi, ambapo vijiji vingine vilikuwa vimebaki vitupu.

Koch alikuwa na dawa iitwayo Atoxyl. Imetengenezwa kwa arseniki, sumu ijulikanayo tangu kale, lakini ilikuwa na ukali kidogo kuliko arseniki ya kawaida, na kwa sababu hiyo waliiita kwa jina lenye maana ya kitu kisicho na sumu. Mwaka 1905 wataalamu wa Liverpool, Thomas na Breinl, walikuwa wameonyesha kwamba yaweza kuua tripanosoma katika wanyama.

Habari zilienea kwamba kuna daktari mkubwa mwenye dawa ya malale. Watu walikuja kwa mitumbwi, wengine wakibebwa kwa machela, mpaka mamia wakakusanyika Bugala. Koch na wenzake walichoma matezi ya shingo kwa sindano, wakatazama majimaji yake kwa hadubini, na waliokutwa na tripanosoma wakadungwa nusu gramu ya Atoxyl, kisha wakarudiwa baada ya siku kadhaa. Matokeo ya kwanza yalistaajabisha. Vijidudu vilitoweka katika matezi. Wagonjwa waliokuwa hawawezi kusimama walianza kutembea, na waliopotewa na akili wakatambua ndugu zao. Ni rahisi kuelewa furaha ya siku zile, na hatuna shaka kwamba ilikuwa furaha ya kweli, ya daktari na ya mgonjwa. Kabla mwaka haujaisha Koch alipeleka habari Berlin kwamba Atoxyl ni kwa malale kama kwinini ilivyo kwa malaria.

Hapo ndipo subira ilipomponyoka mara ya pili. Malale hii ya Ziwa ni ugonjwa wa miezi na miaka, naye alikuwa ameihukumu dawa kwa majuma machache. Baadaye vijidudu vilirudi katika damu za wengi. Koch akaona dawa haikutosha, akaongeza kipimo mpaka gramu nzima. Sasa wagonjwa walipata kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu makali ya tumbo. Wengine walikimbia. Kisha wakatokea waliolalamika kwamba macho yao yanafifia. Mwanzoni ilidhaniwa ni dalili ya malale yenyewe, na kwamba yatapita. Hayakupita. Dawa iliyopewa jina la kutokuwa na sumu ilikuwa imeua mshipa wa fahamu wa jicho, na watu zaidi ya ishirini walibaki vipofu maisha yao yote. Koch alikirudisha kipimo kilekile cha nusu gramu, akayaandika mambo hayo katika taarifa zake. Hakuyaficha. Lakini macho hayakurudi.

Alifanya kazi nyingine pia. Aliamini kwamba chakula kikubwa cha mbung'o wa Ziwani ni damu ya mamba, akashauri mamba wauawe na mayai yao yafukuliwe. Alishauri vichaka vya kando ya maji vifyekwe mahali watu wanapochota na kuegesha mitumbwi, shauri lililokuwa jema na lililotumika baadaye. Alishauri tena wagonjwa wakusanywe katika kambi, watengwe na mbung'o. Kambi zikawekwa upande wa Kidachi, katika Kiziba na huko Shirati, na Atoxyl ikaendelea kutolewa humo baada ya yeye mwenyewe kurudi Ulaya mwishoni mwa 1907. Humo nako wagonjwa wengi walitoroka. Waingereza, kwa upande wao, waliwahamisha watu kutoka ufukweni na visiwani. Sese ikabaki bila watu miaka kumi na zaidi.

KAZI YA KLEINE

Mwanafunzi wake, Friedrich Karl Kleine, alibaki kando ya Ziwa. Swali moja lilikuwa halijajibiwa. Mbung'o humpaje mtu ugonjwa? Wengi, Bruce mwenyewe akiwa mmojawapo, walidhani kwamba hubeba damu mbichi mdomoni, kama sindano chafu, na kwamba baada ya siku moja au mbili hana hatari tena. Kleine, katika kambi ya Kirugu, aliwalisha mbung'o damu ya wanyama wagonjwa, kisha siku baada ya siku akawaacha wanyonye wanyama wazima. Siku za mwanzo zilipita, wanyama hawakuugua. Mwingine angeandika kwamba jaribio limekwisha. Kleine aliendelea. Baada ya majuma yapata matatu wanyama walianza kuugua, kwa maana tripanosoma ilikuwa ikikua na kubadilika ndani ya mbung'o, na tangu hapo mbung'o yule alikuwa mwenye hatari siku zote alizobaki nazo. Kazi hiyo ilitangazwa mwaka 1909, na Bruce huko Uganda akaihakikisha mara moja.

Hivyo siri ya malale ilifunuliwa ufukweni mwa Ziwa letu, si kwa dawa iliyotangazwa kwa simu, bali kwa mtu aliyekubali kungoja. Ilikuwa subira ile ile ya Koch wa Wollstein. Kleine alikuwa miongoni mwa waliokwenda Rhodesia ya Kaskazini na Kongo, tangu 1921, kuijaribu dawa mpya iliyoitwa Germanin, nayo imetumika kwa malale miaka mingi. Alikufa mwaka 1951.

Koch hakuyaona hayo ya baadaye. Moyo wake ulikuwa umechoka, akafariki dunia tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden, na majivu yake yakawekwa katika taasisi ya Berlin yenye jina lake. Atoxyl nayo iliachwa. Lakini Paul Ehrlich alipouchunguza undani wake alipata njia ya kutengeneza dawa nyingine za arseniki, na mwaka 1910 ikatoka dawa ya kwanza iliyofaa sana kwa kaswende. Leo malale imepungua mno. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani limekuwa likihesabu wagonjwa chini ya 1,000 kwa mwaka katika Afrika nzima, na vidonge vya kumeza vimeanza kuchukua nafasi ya sindano zile kali.

HUKUMU YETU

Tuseme nini basi juu ya mtu huyu? Hatusemi kwamba alikuwa mkatili. Malale isiyotibiwa iliua, na daktari aliyeketi mbele ya watu mia wanaokufa hawezi kungoja miaka kumi apate dawa isiyo na kasoro. Mwenye kufa maji hushika maji, na mwenye kumwokoa pengine humtupia kamba iliyo karibu tu. Kumpa mgonjwa wa namna hiyo Atoxyl ya nusu gramu kulikuwa na udhuru. Lililo gumu kulitetea ni kuongeza kipimo cha sumu juu ya watu wasioweza kuuliza, baada ya kutangaza mapema kwamba dawa imepatikana.

Tulinganishe Berlin na Bugala. Tuberkulini iliposhindwa, walikuwapo akina Virchow wa kusimama na kubisha, yalikuwapo magazeti, zilikuwapo familia zilizojua kuandika malalamiko, na yule mtu mkubwa akalazimika kujibu. Atoxyl ilipopofusha watu wa Ziwa, hakukuwa na gazeti la kwao, wala daktari wa kwao, wala baraza la kulipelekea shauri. Walikuwa na miguu tu. Wakakimbia. Katika taarifa za siku zile kukimbia kwao kuliandikwa kama ujinga wa watu wasiojua faida yao. Sisi twaona kulikuwa ushahidi, ushahidi wa pekee walioweza kuutoa, na kama ungesikilizwa mapema pengine macho kadhaa yangaliokoka. Majina ya wale vipofu hatunayo. Kila mmoja wao alikuwa mtu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu sawasawa na mheshimiwa yeyote wa Berlin.

Dunia ilichelewa kulikubali jambo hilo. Ni baada ya vita kuu ya pili, katika hukumu ya Nuremberg ya mwaka 1947, na tena katika azimio la madaktari la Helsinki la mwaka 1964, ndipo ilipoandikwa kwamba mtu asifanyiwe jaribio pasipo ridhaa yake. Katika nchi yetu utafiti wa magonjwa hauruhusiwi bila kibali cha maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kituo chake mjini Mwanza, palepale Koch aliposhuka. Humo wameendelezwa watafiti wa nchi hii katika magonjwa ya Ziwa, kama vile kichocho na matende. Jambo hili ni la kushukuru. Mchunguzi na mchunguzwaji sasa waweza kuzungumza kwa lugha moja.

Kwa hiyo neno letu kwa wazazi si kwamba wawakimbie watafiti. Bila watafiti tungekuwa bado tukizika watu wa malale kila juma. Neno letu ni kwamba waulize. Dawa hii ni ya nini? Imejaribiwa wapi, na kwa muda gani? Madhara yake yaliyokwisha kuonekana ni yapi? Nikitaka kuacha, naweza kuacha bila kunyimwa matibabu ya kawaida? Nikidhurika, nani atanitunza? Mtafiti mwaminifu hukasirishwi na maswali hayo, bali huyajibu kwa upole, na asiyeweza kuyajibu hajawa tayari kushika sindano.

Na kwa vijana wetu wanaosoma sayansi, twawaomba wamkumbuke Koch kwa sura zake zote mbili. Wamkumbuke yule wa pazia la Wollstein, asiyekubali kusema neno kabla ya kuona mara ya pili na ya tatu. Wamkumbuke na yule wa Bugala, aliyeona wagonjwa wakisimama akasema upesi kwamba wamepona. Maarifa ya mtu yule yule yalikuwa katika mikono ile ile. Kilichopungua ni kungoja, na kuwasikiliza waliokimbia.